Maswali Yenu: Mzee Alikua Jeshini, Tumkumbuke Vipi?

Salaam wasomaji. Mwezi huu barua zimekuja za aina moja, sijui ni sababu ya ile sikukuu ya KDF, jeshi letu la Kenya, ya tarehe 14 Oktoba ama ni vile wazee wanatuacha mmoja mmoja, lakini karibu kila nilofungua ilikua inataja mzee fulani alokua jeshini kisha akarudi mtaani. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa kama kawaida, zile ndefu sana nimezikata, msininunie.

Swali

Mwalimu shikamoo. Baba yetu alitangulia mbele ya haki kabla ya Ramadhani. Alikua nevi, kambi yake Mtongwe miaka mingi, akastaafu na usajenti akarudi Amu (Lamu) na toka arudi hakukaa bure. Kamati ya skuli yumo, kamati ya maji yumo, vijana akiwafundisha kuogelea na kufungua injini za boti, na kila Jumapili asubuhi alikaa dakani, pale kibarazani mlangoni, kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu za kitambulisho bila kuchukua hata shilingi. Sasa familia imegawanyika. Kaka mkubwa ataka shughuli kubwa, tenti, tisheti za picha ya baba, mheshimiwa aalikwe, na wajukuu wavae yunifomu zake watembee gwaride kutoka Langoni hadi Mkunguni. Ami zetu wasema hitma, kumsomea marehemu Kurani, yatosha, na mmoja hata hiyo hitma haitaki. Mimi nimeambiwa niandike wasifu wa kurasa mbili usomwe siku hiyo. Kila nikikaa naandika "alizaliwa" kisha nasimama hapo. Nisaidie.
Binti wa Baharia, Langoni, Amu

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni sana, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na la yunifomu manake hilo halina mjadala. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, hata kama ni ya babake mzazi, hata kama ni kwa mapenzi. Na nyinyi mko Amu, sio Kericho. Toka mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni ilofuata 2015, kijana akionekana na nguo za kijeshi kwenye kaunti hiyo anaulizwa maswali kwanza na salamu baadae. Kaka mkubwa ataka wajukuu wamuenzi babu yao, na mchana huohuo wajukuu watalala kituoni. Zikunjeni, tieni karafuu, zikae sandukuni, na muwaulize wenzake wa kazini kama kuna kitu chochote ambacho kilitakiwa kurudishwa. Picha yake akiwa na sare, hiyo tundikeni ukutani, kubwa mnavotaka.

Mambo ya hitma siingilii, waulizeni mashehe wenu, nyumba moja Amu inaweza kua na rai tatu na zote zikala biriani kwenye sinia moja. Ila sijasikia mtu wa upande wowote akikataa dua ama sadaka jariya, ile inayoendelea kumfaa marehemu, kwa hivo ami zako na kaka yako wana pahala pa kukutana, hebu waanzie hapo.

Tisheti mimi sizipendi, nasema wazi. Baada ya miezi miwili zinakua matambara ya kupangusia injini, nimeona kwa macho yangu sura ya marehemu imejaa grisi. Na mheshimiwa akija hotuba inakua ni yake, mzee wenu atatajwa dakika mbili mwanzo na jina lake litakosewa. Kama kuna watu wa kualikwa kutoka nje basi ni wale alofanya nao kazi. Kuna chama cha wanajeshi wastaafu kinaitwa DEFOCA, na hata kama nyinyi hamna mawasiliano nao, wazee wa nevi wanajuana, ukimpata mmoja Likoni umewapata kumi. Hao waje wakae wale, waseme walivomjua.

Sasa wasifu. Unakwama kwenye "alizaliwa" kwa sababu hicho ndo kitu usichokijua, hukuwepo. Anza na unachokijua: Jumapili asubuhi, dakani, foleni ya watu na bahasha zao. Hapo ulikuepo, labda we ndo ulokua ukitumwa kununua kalamu.

Na hilo la fomu usilipite mbio, mwanangu, kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Msomaji wa bara anaweza kuona ni jambo dogo, mzee anajaza fomu. Watu wa pwani na hasa watu wa visiwani wanajua kuitwa mbele ya kamati ya kupigwa msasa ukaambiwa leta cheti cha babu, leta cha nyanya, babu alozaliwa Ndau ama Kizingitini wakati ambao hakuna alokua akitoa cheti. Bila kitambulisho hupati laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, na ukitoka Mokowe ukielekea Minjila kila kizuizi ni moyo mkononi. Sasa mtu ametoka jeshini anajua barua ya serikali inaandikwaje, anajua nani anaanza kutajwa na nakala iende wapi, anajua kwamba afisa akikwambia rudi kesho umuombe aandike hiyo kesho kwenye karatasi, na akakaa kila wiki kuwapa watu elimu hiyo bure. Hiyo ni kazi ya umma kushinda gwaride la aina yoyote. Tafuta watu watatu wanne ambao vitambulisho vyao vilitoka kwa barua zake. Waulize alikufanyia nini, mwaka gani, halafu we ukaenda wapi na hicho kitambulisho. Jibu la hilo swali la mwisho ndo utaliandika. Kama kuna mmoja alienda kua nesi ama alipata kazi ya boti ama alisafiri kwenda kuhiji, umeshapata aya nzima.

Mwaka watu watakua hawaukumbuki, usibishane nao. Waulize ilikua kabla ama baada ya kitu gani. Mvua za El Niño zilikua 1997. Mji wa Amu kutiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ni 2001. Tsunami ni tarehe 26 Desemba 2004. Moto wa Faza ni 2009. Kaunti zilianza 2013. Ukiweka hizo kwenye karatasi kama vigingi watu wenyewe watakwambia "aah hiyo ilikua baada ya moto, Faza bado watu wako kwenye mahema".

Upande wa jeshini fanya hivohivo lakini kwa meli. Jeshi la wanamaji la Kenya limeanzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na boti zake za mwanzo zilikua na majina ya wanyama, Simba, Chui, Ndovu. Mamba ikaja miaka ya 70, Nyayo na Umoja zikaja mwisho wa miaka ya 80. Muulize mama mzee alikua akitaja meli gani akirudi likizo. Akisema Nyayo, basi hiyo safari haiwezi kua ya 1975, na wala hutahitaji kukisia. Cheo chake andika sajenti. Usikubali mtu akupandishie. Kwenye matanga yetu kila askari anakufa kanali, na walokua wanamjua wanatazamana.

Kamati ya maji nayo ina habari yake ila hapo itabidi uwe na ujasiri kidogo. Mji wa Amu unakunywa maji ya visima vya kule kwenye vilima vya mchanga vya Shela, mvua inanyesha inazama mchangani inakaa chini ikielea juu ya maji ya chumvi, na ukijenga juu ya vile vilima ama ukivuta maji kwa pupa chumvi inapanda. Kwa hivo mtu alokaa kwenye kamati hiyo lazima aligombana na watu, wengine ni watu wazito. Andika kwamba aligombana. Huna haja ya kutaja nani, lakini kama alikua mkali kwenye mikutano sema alikua mkali, kama alikua akichelewesha kikao kwa kusoma kumbukumbu zote neno kwa neno sema hivo hivo, watu watacheka na watajua ni yeye unaemsema wala sio marehemu wa kukodi. Wasifu ambao mtu hana hata kasoro moja unaweza kusomwa kwenye matanga yoyote.

Siku yenyewe basi fanyeni ndogo. Asomewe dua, wasifu usomwe, wazungumze watu watatu ambao sio jamaa zenu: mmoja wa kitambulisho, mmoja wa injini, mmoja wa skuli. Watu wale. Na kiti cha Jumapili asubuhi nani anakalia? Hujaniambia. Siku hizi mambo mengi yako eCitizen na wazee wanaibiwa kwenye saiba wakijaziwa fomu moja kwa pesa kibao. We unajua kuandika, umenithibitishia hapa, barua yako imenyooka. Mwambie kaka mkubwa pesa za tenti na tisheti zinunue tarakilishi moja na printa, muone kama atakataa.

Swali

Mwalimu habari. Mimi niko Barani, Malindi. Nyanya alifariki na kwenye kasha lake tukakuta medali nne za babu, mbili za nyota na mbili za duara. Babu alikua KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipigana vita vya pili vya dunia, nasikia alikua akisema "Burma, Burma" basi. Jamaa mmoja anaeuzia watalii vitu vya kale anasema ni feki manake nyuma hazina jina, lakini yuko tayari kutupa elfu mbili achukue zote. Nilikua nataka kuzisugua na Brasso kwanza ndo niamue.
Mjukuu, Barani

Jibu

Usisugue na usiuze. Na ujiulize kidogo, kitu feki yeye anakinunulia nini?

Medali za vita vya pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitolewa bila jina. Ni nchi chache kama Afrika Kusini, Australia na India ndo ziliandika majina nyuma ama ukingoni, KAR haikua hivo. Kwa hivo kukosa jina hakumaanishi kitu. Tazama mbele ya zile nyota: ziwe na ncha sita, katikati kuna taji na herufi GRI VI za mfalme George wa sita, na kuzunguka hapo kumeandikwa jina la nyota yenyewe. Kama moja imeandikwa The Burma Star basi babu hakua akipiga porojo. Za duara, moja ikiwa na simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal, ikiwa na taji juu ya kisiki cha mti na simba wawili ubavuni ni Defence Medal. Utepe usiutoe hata kama umechakaa, rangi zake ndo kitambulisho kingine. Zipanguse na kitambaa kikavu, zitie kwenye kitu kisichoingiza hewa, unajua mwenyewe upepo wetu wa bahari unavokula chuma.

Sasa nikwambie kidogo alikokua ili usiishie kuzitundika tu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) na kwingineko, walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwanza kisha 1944 wakaingizwa Burma (Myanmar ya leo) kwenye bonde la Kabaw wakati wa masika yao, matope hadi magotini, malaria, wakisukumana na Wajapani hadi mto Chindwin mwezi wa Desemba. Wengine hawakufika hata huko. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944, tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Na usidhani vita vilikua vya mbali tu, Malindi yenyewe ilidondoshewa mabomu na ndege za Waitaliano mwaka 1940, hawa hawa ambao leo tunawauzia pizza.

Askari kama babu yako hawakuandikwa sana. Zile sanamu za askari za Mombasa na Nairobi zilowekwa baada ya vita vya kwanza zinawakumbuka wote kwa jumla, ukitafuta jina la mtu hulikuti. Mwezi wa Aprili 2021 ile tume inayotunza makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikaomba radhi, ikisema kuna askari na wapagazi si chini ya 116,000 wa vita vya kwanza, wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Babu yako alirudi mzima kwa hivo kwenye orodha za tume hiyo hayumo, wao ni wa walofariki. Lakini kama kuna jina la rafiki yake ambae hakurudi, mtandao wao unatafutika bure, na ukumbusho wa Afrika Mashariki uko ndani ya makaburi ya vita Ngong Road, Nairobi.

Halafu hukuniambia alirudi akafanya nini. Alikua chifu? Mkulima wa mikorosho? Alijenga msikiti? Alikaa miaka mingi zaidi Barani kuliko alokaa Burma, na wazee wanaoijua hiyo miaka wako hapohapo mtaani kwako, wanakunywa kahawa jioni. Waendee kabla ya kwenda Nairobi.

Swali

Mwalimu, babu yangu mzaa mama yuko hai, yuko Mambrui, alienda Namibia na UN akiwa askari na mpaka leo watu wanamuita wakigombania mipaka ya mashamba, anakuja na kamba yake anapima. Watu wanasema watamfanyia kumbukumbu akifa. Si tungefanya sasa? Lakini nikimuuliza ya jeshini ananyamaza.
Mjukuu wa Mambrui

Jibu

Fanyeni sasa, kwani akifa atasikia?

Ila namna ya kuuliza ndo shida. Vijana mnakaa mbele ya mzee mnamuuliza aliua wangapi, mnataka sinema, na yeye anakumbuka mambo ambayo hajamwambia hata mkewe. Muulize walikua wakila nini. Muulize nani alikua akichekesha kambini, baridi ya usiku Namibia ilikuaje kwa mtu wa Mambrui, alimletea nyanya zawadi gani. Askari wa Kenya walienda kule 1989 kusimamia amani nchi ikielekea uhuru wake wa Machi 1990, kofia za buluu, kwa hivo anaweza kua na medali ya Umoja wa Mataifa, nyuma inakua imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa utumishi wa amani. Mwambie akuonyeshe, mara nyingi mkono ukishashika kitu mdomo unafunguka wenyewe.

Kaa nae baada ya magharibi, kuwe na kahawa na tende, simu irekodi na uzime data isije ikalia katikati. Akinyamaza nyamaza nae. Akikataa kabisa ya jeshini basi rekodi ya mashamba, nani aligombana na nani na alivowapatanisha, manake hiyo kamba yake siku akiondoka mtatafutana mahakamani.

Swali

Mwalimu, sijui kama utaichapisha hii. Kwetu asili ni upande wa Kiunga, babu na bibi walikimbia wakati wa Shifta wakaja Malindi, na shamba hawajaliona tena. Sasa mtaani kwetu wanataka ukumbi uitwe jina la mzee mmoja marehemu alokua jeshini miaka hiyo. Alikua mtu mwema, sikatai, ile madrasa ni yeye alitafuta pesa ikajengwa, na sisi wenyewe tumesoma hapo. Lakini bibi akisikia neno jeshi anaingia ndani anafunga mlango. Niseme ama nikae kimya?
Mwana wa Mbajuni, Malindi

Jibu

Naichapisha, kwa nini nisichapishe.

Wasomaji wa umri mdogo pengine hawajui, kwa hivo kidogo tu. Vita vya Shifta vilianza 1963 vikaenda hadi 1967, na ingawa vitabu vinataja Garisa na Wajir, vijiji vya Wabajuni vya bara, kuanzia Kiunga kushuka, navyo viliguswa vibaya. Huku mashifta, wapiganaji walotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, wanavamia, huku operesheni za serikali, watu wakabeba walichoweza kwenye majahazi wakaenda Faza, Amu, Malindi, Mombasa. Wengi hawakurudi na mashamba yakawa msitu. Bibi yako hajengi hadithi.

Sasa huyo mzee. Kua jeshini miaka hiyo hakumaanishi alikua Kiunga, wala hakumaanishi hakua huko. Familia yake inaweza kujua alipelekwa wapi, na swali hilo linaulizika kwa adabu, sio mbele ya watu. Kama alikua Nanyuki akifunga gia za malori basi bibi aambiwe hivo, polepole, na mtu anaemuamini. Kama alikua huko kaskazini, hapo pana mazungumzo marefu zaidi na mimi siwezi kuyafanya kwa niaba yenu nikiwa kwenye meza yangu hapa.

Lakini kukaa kimya hapana. We si adui wa marehemu, umesoma kwenye madrasa yake. Nenda kwa wanaosimamia huo ukumbi uwaambie haya haya uloniandikia, na uwaambie kabla rangi haijapakwa ukutani. Rai yangu mimi, ningeacha ukumbi ukae bila jina la mtu kwa sasa, nikaweka kibao kwenye ile madrasa, pale ambapo kazi yake iko na hakuna anaebisha, kiandikwe aliitafutia pesa ikajengwa mwaka fulani. Wengine watasema tunapoteza muda kwa machozi ya ajuza mmoja. Mimi nauliza tu, nyumba ngapi za Malindi zina bibi kama huyo? Nyingi, na ukumbi ni wa mtaa wote. Tena mkishamaliza hilo kaeni na yeye nae mumrekodi, majina ya vijiji, nani alikua jirani, mihindi ilikua inaota wapi. Alipoteza shamba na hakuna alomuandika popote.

Swali

Mwalimu, tunamchimbia marehemu ami kisima cha sadaka huku Ganda. Mtaa mzima ulimjua kama Kamanda lakini jeshini alikua mpishi. Kwenye kibao tuandike nini? Wanawe wanaona aibu kuandika mpishi.
Kamati ya kisima

Jibu

Aibu ya nini? Jeshi lisilokula linaenda wapi? Wanawe wakiwa na haya basi cheo na kazi vyote viacheni, kisima hakiulizi. Andikeni jina lake na la babake, mwaka alofariki, na "maarufu Kamanda" chini yake kwa sababu mtu akielekezwa maji ataambiwa nenda kwa Kamanda, akisoma jina jingine atapita. Kwenye hotuba semeni alikua mpishi, na kama ndie yule alokua akisimamia sufuria kila harusi ya Ganda, semeni na hilo, watu watapiga makofi zaidi kuliko mkisema alikua kamanda kweli. Kibao kiwe cha saruji, herufi zichongwe sio kupakwa rangi, na kabla hamjafungua pelekeni maji yakapimwe, manake sehemu nyingi za huko ukichimba zaidi kidogo unatoa ya chumvi.